Magoti ya Gashe Wondafrash

Mimi ni mdadisi, sikatai. Mtu akininyima jibu nakosa usingizi. Na hakuna aliyeninyima majibu kama Gashe Wondafrash (gashe ni neno la kwetu la kumheshimu mwanamume aliyekuzidi umri), mzee tuliyefanya naye kazi miaka mingi kwenye maegesho ya Silver Spring, Maryland, yeye akipanga magari ya watu, mimi kibandani nikikata risiti. Waethiopia wengine sote pale tulishakula kiapo cha Umarekani. Yeye alibaki na kadi yake ya kijani ya ukaazi na pasi ya Ethiopia, aliyoihifadhi ndani ya soksi mpya isiyovaliwa.

"Gashe, si uombe uraia uwe kama sisi?" nilimuuliza siku moja.

"Mkataa kwao mtumwa, Aster."

"Kwa hiyo mimi mtumwa?"

"Sijasema wewe. Umejisemea."

Jambo jingine lililonitatiza ni miaka yake. Kazini alifuata tarehe za Marekani, maana mshahara hauna mjadala. Lakini akishavuka kizingiti cha nyumba yake alirudi kwenye mwaka wa kwetu Ethiopia, ambao uko nyuma ya huu wa dunia kwa miaka saba au minane. Mfungo, sikukuu, umri wa bintiye, kumbukumbu ya marehemu mkewe, vyote alivihesabu kwa kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni. Nilimtania kwamba ndiyo sababu hazeeki. Akakubali, na kichwa chake cheupe pe.

Kisha Mahlet, mwanawe wa pekee, aliyeishi Toronto, Kanada, akapata mchumba huko, kijana wa kwetu aitwaye Natan, na harusi ikapangwa huko huko. Kwetu binti haendi kufunga ndoa kabla hajapiga magoti mbele ya wazazi wake na kuyabusu magoti yao, na bwana harusi vivyo hivyo. Mama hayupo. Yalibaki magoti ya Gashe peke yake. Akanunua suti nyeusi, akairudisha kwa fundi mara mbili, na hakuwa na mazungumzo mengine tena.

Kuingia Kanada si kazi kwa watu kama yeye. Mwenye kadi ya kijani haombi viza. Anaionyesha pamoja na pasi iliyo hai, anapita. Nikajitolea kuendesha gari.

"Watu wa kanisa watasema tumetoroka," nilimwambia.

"Waseme. Mtu atoroke na mwanamke anayeuliza maswali kutoka Maryland mpaka Buffalo?"

Pale kwenye daraja la mpakani, upande wa Kanada, ofisa mmoja msichana aliigeuza pasi, akaigeuza tena.

"Mzee, pasi yako imekwisha."

"Bado," Gashe akasema, kwa upole wa mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Imeandikwa elfu mbili ishirini na moja. Sasa hivi ni elfu mbili kumi na tano."

Ofisa akaniangalia mimi. Mimi nikauangalia usukani.

Tukarudishwa. Upande wa Marekani walitazama kadi yake tu, wakamwambia karibu nyumbani.

Nilisimamisha gari kwenye kituo cha mafuta, nikamfokea. "Miaka yote hii hujajua tarehe ya pasi ni ya mwaka wa dunia?"

"Pasi ni ya kwetu, Aster. Kitu cha kwetu nakihesabu kikwetu."

Kicheko kilinifika kooni, kikafia hapo nilipoona alivyoikumbatia ile suti. Nilimwonea huruma mpaka nikajichukia kwa ukali wangu. Akampigia simu Mahlet, akaweka sauti ya kawaida kabisa.

"Mwanangu, harusi ni kesho kutwa na mimi sivuki. Mwambie mjomba wako akalie kiti changu. Magoti ni magoti."

Mahlet akasema, "Baba, hapo ulipo panaitwaje? Usiondoke."

Tulilala nyumba ya wageni, kila mtu chumba chake, nalisema hilo kwa faida ya watu wa kanisa. Asubuhi Gashe alivaa suti akasimama karibu na pampu za mafuta. Walipofika, Mahlet aliteremka na gauni lake jeupe la harusi, Natan akimshikia pindo lake refu la nyuma.

"Ofisa kaniuliza naingia Marekani kufanya nini," alisema. "Nikamwambia kubusu magoti. Akaniuliza tena."

Kiti hakikuwepo. Niligeuza kreti la soda, nikatandika mtandio wangu, Gashe akaketi. Nikasema jamani, chini kuna mafuta, lakini Mahlet alikuwa ameshapiga magoti. Alipoinama, Gashe alinyoosha mikono yote miwili mbele, kisha akairudisha haraka. Nikadhani analiokoa gauni. Mahlet akabusu goti la kulia, la kushoto, na Natan akafuata.

"Mzeeke pamoja," Gashe akawabariki. "Mlango wenu usikose mgeni, wala..." Hakuweza kumaliza. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akitaka kupita alizima injini akangoja.

Hawakukaa sana, wageni walikuwa wanawasili Toronto. Gari lao likarudi kuelekea darajani, nasi tukalitazama mpaka likapotea kwenye foleni.

"Twende, Gashe."

Hakuinuka kwenye kreti. Nami, kwa kuwa kuuliza ni ugonjwa wangu, nikamuuliza kwa nini alinyoosha mikono vile.

"Alipokuwa mdogo, nikitoka kazini alikuja mbio akanishika hapa hapa magotini," alisema. "Alikuwa anataka nimbebe."

Akavitazama viganja vyake.

"Leo nimesahau, Aster. Nilitaka kumbeba."