Friji la Mpangaji na Jiko Langu

Mama mmoja aliyepanga kwangu Kimara aliuza barafu. Kila uniti za umeme zilipoisha, nililaumu friji lake. Siku moja nikamwambia alizime au ahame.

“Sawa, baba. Ila kwanza tusome maandishi ya nyuma ya friji langu na ya jiko lako.”

Friji lake lilikuwa la wati mia moja. Jiko langu la umeme, nililochemshia maharage, wati elfu mbili.

“Uniti ni wati elfu moja kwa saa nzima,” alisema. “Friji langu huimaliza kwa saa kumi. Maharage yako, nusu saa.”

Sekondari nilikariri kwamba volti mara ampea ni wati, lakini jiko langu sikuwahi kulisoma. Nikamwomba radhi uani, mbele ya wapangaji wote.

“Basi sihami mie,” alicheka. “Yahame maharage, yaende kwenye mkaa.”