Kumlilia Mwanamke wa Kitabuni

Mama alianguka na ndoo ya maji mwezi wa kumi, korosho zikiwa zimeanza kudondoka shambani. Niliomba ruhusa ya wiki mbili shuleni kwangu Newala, nikaenda Kitangari kumuuguza. Goti lilikuwa limevimba, ingawa hospitali walisema hakuna mfupa uliovunjika. Walimwambia asitembee. Kwa mama yangu, kukaa kitako msimu wa korosho ni adhabu, na adhabu hiyo aliamua tuitumikie wote wawili. Kila baada ya muda mfupi aliniita nimweleze mikorosho ya upande gani nimeokota, na kila nilipojibu alisema sikuokota vizuri.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu nilichoazima kwa mwalimu mwenzangu wa Masasi. Nina ugonjwa wa vitabu vya namna ile: dunia imekwisha, miji imebaki magofu, mtu mmoja anahangaika apate cha kutia tumboni. Katika hiki, maradhi yamemaliza watu wote, amebaki mwanamke mmoja kwenye ghorofa ya nne. Anatandaza nailoni juu ya paa kukinga mvua. Maji yake anayapima kwa kifuniko cha chupa: vifuniko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Hana wa kusema naye.

Wiki hiyohiyo mashine inayosukuma maji kutoka bondeni ilianza kusuasua. Kisima chetu cha maji ya mvua kilikuwa kimebaki tope, kwa hiyo nikawa naamka alfajiri kupanga madumu bombani. Maji yalitoka kwa saa mbili hivi, siku nyingine hata hizo hazikufika. Kamati ya maji iliitisha kikao kueleza tatizo. Baada ya siku mbili ikaitisha kingine kueleza kwa nini kikao cha kwanza hakikutosha. Vyote nilihudhuria, nikakaa kwenye jua, nikasikiliza, nikarudi na madumu matupu.

Mchana mmoja mama aliniona nalia. Nilikuwa nimeketi barazani na kitabu mapajani.

"Kuna msiba?" aliuliza kutoka mkekani.

"Hapana, mama. Ni hiki kitabu. Huyu mwanamke maji yake yamemwagika."

"Mengi?"

"Kama lita tano."

"Mimi nilikuwa nateremka bondeni na wewe tumboni, napanda na ndoo kichwani. Siku moja niliteleza pale kwenye mawe, ndoo nzima ikamwagika, nikateremka tena. Hadithi hiyo nimekusimulia mara nyingi. Hukuwahi kulia."

Nilikasirika, na nilichokasirikia zaidi ni kwamba alisema kweli. Mama akavuta mto, akaegemea. "Haya, nisimulie. Ndugu zake wako wapi?"

"Wamekufa wote."

"Na majirani?"

"Wamekufa pia."

"Vikao vya maji?"

"Mama, hakuna mtu. Yuko peke yake dunia nzima."

"Basi ana raha," mama alisema, akafumba macho.

Miaka yote nilikuwa nikijidanganya kwamba vitabu hivi navipendea ujasiri wa watu wake. Kumbe nilichokitamani ni ule ukimya. Mwanamke wa ghorofa ya nne akipata maji anakunywa, akikosa anatafuta, basi. Hangoji jina lake lisomwe kwenye orodha. Haulizwi ataolewa lini. Hata huzuni yake ni safi, haina mtu wa kuijibu.

Kesho yake bombani nikaharibu. Bibi mmoja wa jirani alikuja wakati foleni imeshafika mbali, akasukuma madumu yake sita mbele, na mfungua bomba akaanza kuyajaza bila kusema neno. Nilikuwa wa tatu. Nilijua maji yatakatika kabla sijafikiwa.

"Bibi, na sisi wengine hatunywi?" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Tangu alfajiri tumesimama hapa! Wewe nani?"

Bibi alikaza kifuniko cha dumu la kwanza. Maji yakakatika kwenye dumu la tano.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa amekaa wima.

"Umemtukana nani?"

"Sikumtukana. Nimemuuliza."

"Yule ndiye aliyeninyanyua siku niliyoanguka. Ndiye aliyenichotea maji siku zote kabla hujaja. Anawachotea wazee wa huku wote wasiojiweza, ndiyo maana hapangi foleni. Watu wote wanajua."

"Mimi ningejuaje? Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Ulikuwa unasoma," mama alisema.

Jioni nikaenda kuomba radhi. Bibi alikuwa anabangua korosho uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba msamaha kwa maneno ya asubuhi."

"Yamekwisha, mwanangu. Kaa."

Nilidhani yamekwisha kweli, nitaondoka. Nilikaa mpaka jua likazama. Alinieleza nimkande mama goti vipi, akanisuta kwa kutokuja Kitangari tangu sikukuu, akauliza habari za mume ambaye sina, halafu akatoa karatasi nimwandikie mjukuu wake barua ya kuombea kazi. Niliiandika mara mbili kwa sababu ya kwanza aliiona fupi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimesamehewa, na sikuwahi kuchoka vile. Ningependa kusema moyo wangu ulilainika. Nilichofikiria njiani ni ghorofa ya nne.

Ruhusa ilipoisha mama alikuwa ameanza kutembea na fimbo, akizunguka mikorosho kukagua nilivyookota. Mimi nilimalizia kitabu kwenye chumba changu Newala, na mwisho wake uliniudhi. Mwanamke anaona moshi mbali, anaufuata, anakuta watu kumi na wawili wanalima. Wanamkumbatia. Niliona mwandishi amenisaliti. Mama aliponipigia simu kuuliza yule mwanamke aliishia wapi, nikamwambia.

"Afadhali," alisema, na nilisikia kabisa kwamba alikuwa na wasiwasi juu yake muda wote. "Sasa akiumwa kuna wa kumwona."

Nilimjibu ndiyo, mama, afadhali. Jumamosi nikaenda Masasi kurudisha kitabu, nikamwomba mwenzangu anitafutie kingine, chenye mwisho mbaya zaidi. Alicheka, lakini alinipa. Nimefika ukurasa wa arobaini na hajatokea mtu bado.