Jengo Lisilo na Matumizi, Jadida

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Mgogoni, Pemba, katikati ya shamba la muhogo, nimejifunga kikoi kipya. Mpima Mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya watu kumi na wanne, akanikabidhi mnyororo. Vijana wa leo mnapima kwa setilaiti. Mnyororo wetu ulikuwa wa chuma, pingu kwa pingu, mzito kama nyangumi, na mshika mnyororo kazi yake ilikuwa kuuvuta unyooke hata ukipita mgongoni mwa ng'ombe. Kisha akanionyesha theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe. Za zamani zilikuwa zikionyesha kila kitu kichwa chini. Nilipochungulia nikaona Mgogoni nzima imepinduka, minazi inaning'inia kama popo. Nikakikamata kikoi changu kwa mikono miwili.

"Unashika nini?" akauliza Mpima Mkuu.

"Na mimi nikitazamwa nitakuwa hivyo hivyo, bwana?"

Alicheka hadi akaipoteza pembe, tukaanza kupima upya.

Ndiye aliyenifundisha kwamba mpaka haukai kwenye jiwe, unakaa kwa jirani. Bikoni, yaani lile jiwe la zege la kuonyesha kona ya kiwanja, huweza kung'olewa usiku na asubuhi likawa figa jikoni kwa mtu. Kwa hiyo kila jirani lazima aje, autembee mpaka kwa miguu yake, kisha atie saini au dole gumba kwenye fomu.

Nikahamishiwa Tibirinzi. Huko nikasoma masomo ya jioni, nikafaulu insha kwa alama ambazo mwalimu alisema hazijaonekana tangu Nuhu ashuke safinani. Nilipopandishwa kuwa Mpima Msaidizi na kupelekwa Wete, nikapanga nyumba Jadida, na kwa sababu ya cheti changu mtaa mzima ukanifanya mwandishi wake wa barua.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu palikuwa na kanisa dogo la kuezeka bati. Waumini wake walikuwa kumi na saba, wengi wafanyakazi kutoka bara na watoto wao. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Yohana, katekista siku ya Jumapili na seremala siku nyingine zote. Baadhi ya usiku mawe yalitua juu ya lile bati. Kibao chao kilitoweka mara tatu, mara ya nne wakaacha kuweka. Mtaani tulisema, "Ah, watoto hao," tukageukia upande wa pili wa kitanda. Na mimi nilisema hivyo.

Kisha akaletwa Mkuu wa Kitengo mpya. Kwa jina la kuzaliwa alikuwa Mwislamu mwenzetu, lakini alirudi kutoka masomoni ughaibuni akiwa amepona dini kama mtu aliyepona surua. Sala yetu ya adhuhuri aliiita "uvivu wenye udhu". Siku moja akatandika ramani ya Wete mezani, akagonga kidole juu ya lile kanisa.

"Hapa pataegeshwa magari. Andika: jengo lisilo na matumizi."

Katika kazi yetu, jengo likishaandikwa hivyo hubomolewa, na wenyewe hawapewi hata shubiri ya kiwanja kingine.

"Mkuu, wale husali kila Jumapili."

"Kusali si matumizi, Bwana Faki. Watu kumi na saba wanazungumza na dari! Hii karne gani?"

"Na msikiti wetu, Mkuu?"

"Huo una watu wengi," akasema, akatazama dirishani.

Akatoa muda hadi Alhamisi: wenye kanisa walete ushahidi wa maandishi. Mwalimu Yohana alikuwa na daftari moja la ubatizo. Mawe yalilitoboa bati, mvua ikaingia, daftari likawa uji.

Katika Pemba nzima ni mimi peke yangu niliyekumbuka kuwa maandishi mengine yapo. Yalikuwa kwenye saraka ya sheha wetu, kiongozi wa mtaa: barua saba za malalamiko dhidi ya kanisa, zenye dole la Bi Rukia, ajuza aliyepakana nalo ukuta kwa ukuta. Na mwandishi wake alikuwa mimi, na viungo sikuvibania.

Nikamwendea Bi Rukia, nikamkuta anakuna nazi.

"Mie? Nikalitetee kanisa mie?" akasema. "Faki mwanangu, umelewa?"

"Litavunjwa, Bi. Mkuu asema kusali si matumizi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Kasemaje?"

"Na sala zetu asema uvivu wenye udhu."

"Nipe buibui langu."

Alhamisi tukajaa ofisini: sheha na barua zake, Bi Rukia, na Mwalimu Yohana aliyeketi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mkuu akasoma kwa sauti:

"'Kila Jumapili ngoma za kanisa hili hulia hata kuku wangu hutaga mayai yaliyokwisha pasuka. Waimbaji ni kama elfu mbili...' Elfu mbili? Mle ndani?"

"Ni kumi na saba," akasema Bi Rukia, "lakini waimba kwa elfu mbili."

Mimi nikaichunguza dari, nikaona ni nzuri sana.

"Bi, mbona hawa huwapendi?" akauliza Mkuu.

"Nani kakwambia nawapenda? Nawalalamikia miaka na miaka! Nyumba tupu hulalamikiwa? Nawalalamikia kwa kuwa wamo! Na weye unayesema kusali si kazi, kesho utauandika mswala wangu shamba pori?"

Kila barua ilikuwa na tarehe na muhuri wa sheha. Mkuu wetu alikanusha kila kitu duniani isipokuwa muhuri. Akachukua kalamu, akaandika "kanisa", kwa herufi ndogo kama chawa, lakini akaandika.

Siku ya kutembea mpaka, Bi Rukia alitia dole kwenye fomu, akamgeukia Mwalimu Yohana. "Na hizo ngoma mpunguze."

"Tukipunguza, Bi, tutakosa shahidi."

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko utumishi wangu. Siku ya pili yake nikaenda karakana kwa Mwalimu Yohana.

"Mwalimu, zile barua niliandika mimi."

"Najua. Jadida nzima nani mwingine ana kuku wa namna ile?"

Nikacheka peke yangu. Yeye aliendelea kupiga randa.

"Barua hazikutuuma, Bwana Faki. Kila ilipofika moja, mke wangu alimpelekea Bi Rukia sahani ya mkate wa kumimina, wakagombana, wakala. Lakini jiwe halina mtu wa kumpelekea sahani." Akapuliza takataka za mbao. "Wewe nyumba ya tatu, ulikuwa ukiyasikia mawe?"

"Nilikuwa nikiyasikia."

Akarudi kwenye ubao wake.

Siku hizi bati likilia, natoka nje na magoti yangu mabovu, nasimama barabarani, namwita kila kijana ninayemdhania kwa jina lake, la babaake na la babu yake, kwa sauti ya kufika Unguja. Nusu ya majina nabahatisha. Mawe yamepungua.