Wimbo Uliomzika Léon

Mwanangu, ile asubuhi Mama Véro alipotujia uani bado naikumbuka. Alitoka sokoni, beseni la samaki kichwani, na hakutusalimia.

Tulikuwa vijana wachache wa mtaa wa Kabondo, wapiga muziki wa kienyeji. Mimi nilipiga likembe, kile kinanda kidogo cha vidole gumba. Faustin, mtoto wa Mama Véro, alishika gitaa na kuimba. Vita ilikuwa mjini. Majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya nyumba zetu, mdogo wake Faustin, Léon, alitoka kuchota maji mtoni na hakurudi. Tulimtafuta hadi Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, hatukuona hata kiatu chake. Basi Faustin akatunga wimbo: "Léon, umelala, mto umekufunika." Tukaurekodi kwenye kaseti, redio moja ya mjini ikaupokea.

Ukasambaa kama moshi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake aliyepotea, na kila nyumba ikaweka jina lake pale palipokuwa na Léon. Hata askari kwenye vizuizi walikuwa wakiupiga mluzi. Tukawa tunaitwa kwenye matanga hata hatupumui.

Mama Véro akatua beseni.

"Faustin, uliona maiti ya mutoto wangu?"

"Hapana, mama."

"Alors, nani alikuambia amekufa? Mimi niko namuwekea chakula kila magaribi. Nikifika sokoni, redio inaniambia mutoto iko chini ya mto. Munamuzika kila siku, na hakuna mutu aliniita kwa kilio!"

Faustin akainamisha kichwa. "Mama, nitaitoa redioni hiyo nyimbo."

"Utaitoa wapi? Iko ndani ya vinywa vya watu."

Alijaribu, maskini. Alikwenda redioni, mtangazaji akamjibu kwa upole kwamba wasikilizaji wanauomba wenyewe. Ndipo akabadilisha maneno: "Léon, hujarudi, mlango uko wazi." Tukaenda nayo kwenye matanga ya jirani. Alipofika kwenye maneno hayo, waombolezaji wakaimba yale ya zamani, wakilia, kwa sauti kubwa, mpaka yake ikamezwa. Mjane akamshika mkono. "Papa, usibadilishe. Hiyo ndiyo ilinisaidia kulia."

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Faustin alivua gitaa, akalilaza chini. Hakuimba tena mbele ya watu. Alihamia upande wa Masako, nje ya mji, akalima mihogo.

Mama Véro alifariki vita ikiwa imekwisha. Léon hakuwa amerudi. Kwenye kilio chake vijana wa kwaya, bila kujua huyo aliyelala ni mama wa nani, waliuanzisha wimbo ule ule. Nilitaka kuwanyamazisha, Faustin akanizuia. Aliketi, mkono juu ya jeneza, mpaka wakamaliza. Kisha akaniuliza polepole, "Unafikiri mama angekasirika?" Niliketi kando yake.

Bado unaimbwa. Waendesha pikipiki wanauweka kwenye simu zao, wengine wanaucheza. Juzi mmoja aliniambia Léon alikuwa mchumba wa mwimbaji. Nililipa nauli, nikashuka.

Mwanangu, wewe una sauti nzuri, na misiba haijatuacha. Kabla ya kuupeleka msiba wa nyumbani kwa watu, keti kwanza na yule anayeubeba pamoja nawe. Mwulize yeye anauitaje. Kama bado anasubiri, subiri naye, hata kama moyoni umekwisha kukata tamaa. Watu wakishaupokea hawataurudisha, na usiwalaumu kwa hilo. Nao wana wafu wao wa kulilia.

Mungu awarudishe nyumbani wote unaowapenda, wakiwa hai. Na kama mmoja hatarudi, akujalie angalau kulijua kaburi lake.