Mnyoo Wangu wa Sato wa Kariakoo

Jamani, nacheka sasa hivi kwa sababu sina la kufanya, lakini siku ile pale Kariakoo ningepata shimo ningeingia mzima mzima na viatu vyangu.

Mimi nasomea vimelea vya samaki, shahada ya pili (ndiyo, kuna watu wanasomea minyoo, chekeni mmalize). Profesa wangu aliniagiza niende mto Ruvu nikavue sato mwenyewe, niandike nimewavulia wapi, halafu niwatafute minyoo bapa wanaong'ang'ania kwenye matamvua, yale mashavu ya kupumulia, viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Mimi sasa, msomi wa Buguruni, mtoto wa mjini, nikasema nani akalowe huko na mbu wale wakati sato wamejaa tele Kariakoo? Nikawa naenda zangu kwa Bi Zuhura, muuza samaki. "Shikamoo mama, sato hawa wa wapi?" "Marahaba mwanangu, wa Ruvu hao, wamevuliwa alfajiri, hebu ona matamvua yalivyo mekundu." Mekundu kweli. Nanunua, naandika kwenye daftari "Ruvu", bila hata chembe ya aibu.

Wiki ya tatu nikaona kwenye hadubini mnyoo ambaye sijapata kumwona. Kulabu zake nene, zimepinda kivyake. Nikamlinganisha na minyoo wote wa sato walioandikwa vitabuni, hafanani na yeyote (minyoo wa samaki wengine sikufungua hata ukurasa mmoja, wa nini, na samaki wangu ni sato?). Spishi mpya hiyo! Nikachora, nikapima, nikaandika makala, nikampa mnyoo jina la ukoo wetu, nikatangaza kwenye grupu la familia, mama yangu naye akazunguka mtaa mzima kusema mwanawe kagundua mdudu. Na chuoni nilishaahidiwa kwamba makala ikipita, kazi ya kufundisha ni yangu. Nilianza kutembea nimebinua kifua, mjinga mimi.

Ikabaki Profesa asome na kuidhinisha. Akauliza, "Ruvu sehemu gani hasa?" Nikababaika weee, mwisho nikakiri nimenunua sokoni, ila muuzaji ni mtu mwaminifu sana. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yaliyochacha. "Haya, nipeleke kwa huyo mwaminifu wako."

Tukafika saa nne asubuhi, soko limefurika. Profesa akamsalimia Bi Zuhura kwa adabu zote, na kabla hajauliza kitu, mimi na kiherehere changu nikadakia, tena kwa sauti ili na wengine wasikie: "Mama, hongera! Kwenye sato wako nimepata mnyoo mpya, hajawahi kuonekana duniani!"

Watu wakageuka. Dada mmoja aliyekuwa ameshafungiwa samaki wake akaurudisha mfuko mezani taratibu. "Minyoo? Toba!" Mpagazi akasimama na gunia lake kichwani asikilize, nyuma yake njia ikaziba.

Bi Zuhura akashika kiuno. "Sato wangu hana mnyoo! Kama kuna mnyoo, huyo wa kambale!"

"Wa kambale kivipi, mama?" Profesa akauliza.

"Baba, sato anakuja na barafu, siku ya tatu matamvua yameshapauka, nani atamnunua? Nachinja kambale aliye hai, damu na ute wake namsugulia sato kwenye matamvua, anang'aa. Sasa huyo mdudu katokea kwa kambale, msinichafulie biashara!" Halafu akanigeukia. "Na wewe daktari gani, wiki tatu unashika samaki hujui wa leo na wa juzi?"

Soko zima likaangua kicheko, mpagazi akacheka mpaka akatua gunia. Profesa alivua miwani akaifuta polepole. "Nilikuwa najiuliza kulabu zile nimeziona wapi," akasema. "Mnyoo wa kambale huyo, anajulikana tangu hujazaliwa. Ungefungua kitabu cha pili tu." Makala akanirudishia palepale, na ile kazi akapewa mwanafunzi mwenzangu aliyekwenda kulowa kule Ruvu.

Mimi nilistahili, wala sijitetei. Lakini wateja walimzomea Bi Zuhura siku nzima, na mpaka leo wapo wanaomwita Mama Minyoo, mtu mzima yule, na aliyemletea balaa ni mimi na mdomo wangu. Nilimwendea kumwomba radhi. Hakunitukana. Aliendelea kupara magamba, akaniambia, "Ungeniuliza pembeni, mwanangu, ningekwambia."

Siku hizi navua mwenyewe, maji kiunoni, mbu wananila, na nikiona mnyoo mgeni nafunga mdomo mpaka nimalize vitabu vyote. Sokoni sinunui hata dagaa.