Mbuzi wa Bibi

Jambo lote liligharimu mbuzi mmoja. Nikihesabu tena, mbuzi mmoja pamoja na maziwa ya bibi ya kila asubuhi, maana hakuwa na mwingine.

Nilimkumbuka mbuzi huyo Ijumaa Kuu iliyopita, kanisani Bariadi, mhubiri alipomtaja mwanakondoo.

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu Sapiwi, mama alikuwa amesusiwa. Hakwenda msibani kwa jirani, basi kijiji kizima kikaacha kumsalimia. Faini ilikuwa mbuzi, nasi hatukuwa naye. Bibi, mama yake baba, ambaye hakuwahi kuusifu hata ugali wa mama, akamfungua wake.

"Kafanya kosa gani?" nilimuuliza.

"Nani, mama yako?"

"Mbuzi."

"Hana kosa. Hata mimi sina. Shika kamba."

Mchana ule uani kulinuka manyoya yaliyobabuliwa. Wanakijiji wakala wote, mama akiwa katikati yao. Mimi niliona ulafi tu: wametuchukulia mbuzi mzima, wakanirudishia vipande viwili, kimoja mfupa. Kisha yule jirani mfiwa akajifuta mafuta mdomoni, akamgeukia mama.

"Mwadila, mayu," akamsalimia kwa Kisukuma, habari za mchana, mama.

Mama akalia. Leo najua kwamba salamu ile ndiyo iliyonunuliwa.

Juzi nimempelekea bibi mbuzi mwenye mtoto. Kamrudisha.

"Nilikukopesha lini?" kaniuliza.

Nishaurini basi, ninyi mnaojua biashara: deni ambalo mwenyewe hakubali kwamba anadai, mtu analilipaje?