Alama za tezo katika daftari la Kamanthe

Saa tatu asubuhi, jua la Wamunyu limeshaanza kuuma. Chini ya mabati ya karakana wanawake tisa wamekalia magunia, kila mmoja na swala wa mti mapajani, wanapiga msasa. Vumbi la mbao linawakaa kwenye nyusi. Midomo nayo haipumziki: nani ameolewa, nani amerudishwa kwao, na padri amepata wapi pesa za pikipiki mpya.

Kamanthe, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, hajagusa msasa bado. Anamlaza swala wake ubavu, anamfunika kwa karatasi nyembamba, anaisugua karatasi kwa kipande cha mshumaa. Kisha anachovya kitambaa katika kikombe cha chai ya rangi iliyopoa, anapaka. Karatasi inageuka kahawia, ila pale nta iliposhika panabaki mistari myeupe. Inakwenda miwili miwili, mmoja mnene, mmoja mwembamba.

Umbea unakatika ghafla.

"Ni yeye tena?" anauliza Wanza, jirani yake wa gunia.

"Ni yeye."

"Aiee! Basi mgeuzie huko, asiniangalie mimi."

"Yeye" ni Bartholomew, mchongaji, mume wa Kamanthe. Aliondoka Februari 1997 na magunia mawili ya vinyago kwenda kuviuza Mombasa. Miaka sita sasa. Hakuna barua, hakuna maiti, hakuna hata mtu wa kusema alimwona akishuka basi.

Ili kuelewa hofu ya akina mama hawa, lazima uelewe kazi yao. Mchongaji hukata kwa tezo, shoka dogo la kuchongea, na kila pigo huacha kovu kwenye mti. Mnunuzi hataki kuona kovu. Anataka swala laini kama sabuni. Kwa hiyo wanawake hulipwa kufuta. Swala mdogo ni shilingi tano, na mtu mwenye mkono mwepesi hufikisha ishirini kwa siku.

"Siku moja nilisikia vibaya," anasema Kamanthe. "Bwana yangu amekaa siku mbili anakata, mimi nafuta kwa nusu saa. Nikasema, wacha nibaki na kitu."

Hiyo ilikuwa 1995. Alichukua daftari kubwa la jalada gumu, akaanza kunakili makovu kabla ya kuyafuta. Mwanzoni alitumia penseli, halafu makaa. Akahamia kwenye rangi ya viatu, kisha kwenye udongo mwekundu wa kichuguu. Aliwahi kubandika unga wa mbao kwa uji, ukurasa ukapendeza sana, na panya wakaupenda zaidi. Leo ana madaftari manne. Binti yake aliyeolewa Mitaboni humletea mapya.

"Nikikosa cha kuchora natembea tu," anasema. "Naangalia gome la mti, nyufa za ukuta, mgongo wa ng'ombe aliyekonda. Kila kitu kiko na alama ya kitu kilichokipitia."

Mbinu ya mshumaa ilikuja kwa ajali. Aprili mwaka huu nta ilidondoka kwenye ukurasa, na alipokuwa akihangaika kuikwangua, kiwiko kikamwaga chai. Akaona chai imekimbia nta. Kesho yake akajaribu makusudi, juu ya bakuli la zamani ambalo Bartholomew aliliacha bila kumaliza.

"Makaa yalikuwa yanaonyesha kila kitu, sasa unaona nini? Mshumaa unashika pale palipoinuka peke yake. Nikaona mistari miwili. Nikakaa chini."

Mistari hiyo ina historia inayojulikana kijijini. Bartholomew aliwahi kununua boriti ya nyumba iliyobomolewa kwa sababu ilikuwa rahisi, na ndani mlikuwa na misumari. Tezo yake ikavunjika mapengo mawili, kubwa na dogo. Fundi mwingine angeinoa hadi mapengo yaishe. Yeye alikataa, akasema ndiyo sahihi yake. Tangu hapo kila pigo lake liliacha vijiukuta viwili vya mti, kimoja kinene, kimoja chembamba.

Kamanthe alifurahi kuipata sahihi hiyo kwenye bakuli la zamani. Lakini Juni ilikuja na gunia la swala ambao hawajapigwa msasa, na mistari ile ile ilikuwa juu yao. Mti ulikuwa mbichi. Utomvu ulikuwa bado unanata vidoleni.

Watu wangesema mzee yuko hai mahali, amechukua mke mwingine, anachonga. Wanza alilisema hilo wazi, na akataja hata kabila la mke. Shida ni kwamba tezo yenyewe haikwenda Mombasa. Mtu anayekwenda kuuza hana haja nayo. Inaning'inia juu ya kitanda cha Kamanthe, ina kutu, na buibui amefunga utando kutoka mpini hadi ukutani.

Kilonzo, mdogo wake Bartholomew, naye ni mchongaji. Wiki iliyopita aliishusha mbele ya watu, akakata gogo bichi mapigo matatu. Kamanthe akaweka karatasi, mshumaa, chai. Kisha wakaweka rula ya shule kati ya mistari: ya gogo, ya gunia la Juni, ya bakuli. Haikupishana hata unywele.

"Nilitaka iwe uongo," anasema Kilonzo. "Chuma kikitumika miaka sita, pengo linapanuka. Hili halijapanuka. Na ndugu yangu alikuwa anachonga swala wanaotazama mbele. Hawa wote wametazama nyuma."

Kwa Kilonzo na wazee wa familia, jibu ni moja: Jumamosi isomwe misa ya marehemu, msalaba usimikwe shambani, na madaftari yote manne yachomwe moto.

"Shemeji, hicho kitabu ndicho kinamwita," anamwambia Kamanthe. "Unamnakili, unamnakili, atalala saa ngapi?"

"Na nikichoma na yuko hai, je? Nitakuwa nimemzika akipumua?"

Magunia huletwa na Kulmiye, mfanyabiashara wa mbuzi wa mjini Machakos, ambaye lori lake hupita upande wa Mutomo kila Alhamisi. Kamanthe alipomuuliza anayatoa kwa nani, alijikuna ndevu.

"Mama, wallahi mimi sijui mtu. Nakuta gunia imesimama kando ya barabara, hapo porini. Naweka bahasha ya pesa chini ya jiwe. Wiki ingine bahasha hakuna, gunia iko."

"Na nyayo?"

"Yangu tu."

Kamanthe ameomba nafasi kwenye lori Alhamisi hii. Atashuka pale kwenye jiwe na daftari, mishumaa miwili na chupa ya chai, akae hadi lori lirudi kesho yake. Wanza amemwambia amerukwa na akili, kisha akamshonea mfuko wa kubebea daftari. Misa ya Jumamosi iko pale pale.

Jioni Kilonzo anapita uani kumsihi kwa mara ya mwisho. Kamanthe hainui macho kutoka kwenye ukurasa.

"Shemeji, ukiniona Ijumaa nimeshuka peke yangu, lete kiberiti. Nitawasha mwenyewe, na nitavaa nguo nyeusi."

"Na ukishuka na mtu?"

Anapuliza karatasi ikauke.

"Basi wewe ndiwe utampa mkono kwanza. Mimi nitasimama mlangoni, nione kama mkono wake unashikika."